Tansio ya mzee: kiwango kipangwe na nani?

Shangazi yangu ana miaka 76. Siku niliyomsindikiza kwenye kituo cha afya huko Kadutu, mtaa wa milimani hapa Bukavu, alikuwa amepanda mlima kwa miguu, na kabla pumzi hazijamrudia akafungwa mkanda wa kupimia mkononi. Mashine ikaonyesha 168, ile namba ya juu ya tansio, yaani shinikizo la damu, na muuguzi akamwongezea kidonge cha pili cha kuishusha. Maswali yote aliyajibu kaka yangu, kwa kuwa ndiye anayelipa dawa.

Wanaotaka wazee watibiwe bila kusitasita wana hoja nzito. Utafiti wa HYVET, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, ulionyesha kuwa kuishusha tansio hadi karibu 150 kulipunguza vifo kwa asilimia 21, ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa. SPRINT wa Marekani, mwaka 2015, ulikwenda mbali zaidi: kati ya watu 9,361, wale waliolengwa chini ya 120 walipatwa na matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa robo kuliko waliolengwa chini ya 140. Isitoshe, ugonjwa huu hauumi. Anayengoja mzee ajisikie vibaya ndipo amtibu, huenda akamkuta mdomo umeshapinda.

Lakini ile 120 ilipatikanaje? SPRINT haukupokea wenye kisukari wala waliokwisha kupata kiharusi. Washiriki walipimwa baada ya kuketi na kutulia dakika 5, na kipimo kikarudiwa mara 3. Namba iliyopatikana hivyo haiwezi kulinganishwa na ya mtu anayehema kwa kupanda Kadutu. Waliotibiwa kwa nguvu walihitaji wastani wa karibu dawa 3, na miongoni mwao kuzimia na kuumia figo vilionekana zaidi. Haki isemwe: kuanguka kwa kuumia hakukuongezeka, ingawa sidhani kama wengi wao walikuwa wakishuka ngazi za udongo gizani. Kinga nayo hudhuru wakati mwingine, kama ulivyoonyesha utafiti wa ASPREE mwaka 2018: asipirini ya kila siku haikuwaongezea wazee wenye afya miaka ya kuishi bila ulemavu, ila iliwazidishia hatari ya kuvuja damu.

Je, mgonjwa mwenyewe aamue? Wengi hujibu ndiyo upesi mno. Hapa Bukavu, ukimuuliza mzee anapendelea tiba gani, atakujibu, "Wewe ndiye munganga, sema tu," na hakosei, maana swali pana namna hiyo linamtwisha mzigo uliokuwa wa daktari. Nahofia pia muuguzi mwenye foleni ndefu ataona "mgonjwa amekataa" kuwa njia rahisi ya kufunga fishi, yaani karatasi ya mgonjwa. Tena mgonjwa ni nani hasa, ikiwa mwenye mwili ni mmoja na mwenye pesa ni mwingine? Kaka anataka namba ishuke, wala simlaumu, kwa kuwa shangazi akipooza ni yeye atakayeuza kiwanja.

Hata hivyo naegemea upande wa kuuliza, mradi swali liwe dogo. Nilipomuuliza shangazi kidonge chake cha kwanza cha tansio, kile cha kukojoza, anakimeza saa ngapi, alimtazama kwanza kaka, kisha akasema ni jioni, akitoka sokoni. Usiku kinamwamsha mara tatu; choo kiko nje, umeme umekatika, na mvua ikinyesha ngazi zinateleza. Kwa hiyo siku za mvua hakimezi. Hakuna aliyejua, na kile kidonge cha pili kiliongezwa juu ya dawa isiyonywewa.

Muuguzi alikihamishia kile cha kukojoza asubuhi na kukiondoa kile cha pili. Mwezi uliofuata, shangazi akiwa amepumzishwa kwenye benchi kwanza, mashine ilisoma 146. Kaka bado anataka ishuke zaidi, shangazi anasema hapo panamtosha, na safari hii muuguzi ameyaandika yote mawili kwenye fishi.