Mei Mosi ya mkopo

Ijumaa ile, tarehe 25 Aprili 2025, saa kumi na moja jioni, tukiwa tunazima kompyuta, ujumbe ukadondoka kwenye grupu la WeChat la ofisi yetu hapa Guangzhou, China. Likizo ya Mei Mosi ni tarehe 1 hadi 5. Jumapili tarehe 27, kazini kama kawaida. Majibu yakaanza kumiminika, watu thelathini na kitu: "shoudao", "shoudao", "shoudao". Nimepokea, nimepokea, nimepokea. Hakuna aliyeuliza. Hata mimi, na mdomo wangu huu mnaoujua, niliandika shoudao. Nikakaa nayo moyoni mpaka leo Jumanne, nimerudi kazini, ndiyo naitapika hapa.

Na wala nisingeitapika kama rafiki yangu mmoja wa Dar asingeniandikia: "Siku tano! Nyie watu wa Guangzhou mmeyapatia maisha."

Haya, tupige hesabu ya Kikariakoo. Alhamisi tarehe 1, sikukuu halali. Ijumaa tarehe 2, nayo halali, tena mpya, maana kuanzia mwaka huu wa 2025 serikali yao imepandisha sikukuu rasmi kutoka siku 11 hadi 13. Hapo nasema ahsante. Jumamosi na Jumapili zilikuwa zangu, ningezipata hata Mei Mosi isingekuwepo duniani. Inabaki Jumatatu tarehe 5. Hiyo nilishailipia tarehe 27 Aprili, wiki nzima kabla sijaiona. Kwa hiyo katika siku tano za "zawadi" nimepewa mbili, mbili zilikuwa zangu, na moja nimejikopesha mwenyewe, tena nikalipa kwanza ndipo nikapokea. Hata wale wa mikopo ya kausha damu mtaani kwetu wanakupa hela kwanza.

Na ni sikukuu gani hii? Ya Wafanyakazi! Tumepigishwa kazi Jumapili ili tupate nafasi ya kusherehekea haki za wafanyakazi. Nilimwambia hilo jirani yangu wa meza, akacheka mpaka akashika kinywa, halafu akageuka kuangalia kama meneja yupo.

Wenyeji wana majina yake. Mpango wote wa kuhamisha siku wanauita tiaoxiu, na ile siku ya kulipa deni ni buban. Wenyewe hawaupendi, wanausema kila mwaka mtandaoni, kisha wanaandika shoudao. Naambiwa nishukuru, maana mwaka jana madeni yalikuwa mawili: Jumapili tarehe 28 Aprili na Jumamosi tarehe 11 Mei. Kweli, nilikuwepo, nakumbuka ile Jumamosi. Mambo haya yalianza 1999, baada ya msukosuko wa uchumi wa Asia. Serikali ilitaka watu watoke majumbani wakasafiri na kutumia hela, ikaunganisha siku, ikaziita wiki za dhahabu. Dhahabu ya nani, hawakusema.

Lakini acheni nieleze kinachoniuma hasa, maana hesabu ni hesabu tu. Mpango mzima umesimama juu ya wazo kwamba siku ni kama noti ya yuan mia: toa hii, chukua ile, thamani moja. Kwa wenzangu wengi ofisini pengine ni hivyo. Jumapili ni siku ya kufua na kulala. Kwangu mimi Jumapili haibadilishwi na Jumatatu. Na hii ya tarehe 27 ilikuwa Dominika ya Huruma ya Mungu, na Papa Fransisko alikuwa amezikwa jana yake tu. Nilitaka kuwa Shishi. Wanaoishi hapa wanalijua hilo kanisa la mawe karibu na mto, lina zaidi ya miaka mia moja na thelathini, minara miwili juu ya maduka ya jumla ya samaki wakavu na vikorokoro. Nilitaka kukaa nyuma pale, kwenye benchi, na Waafrika wenzangu na wale kina mama wa Kifilipino wanaoimba vizuri kuliko sisi, nimwombee mzee yule. Badala yake nilikuwa nanakili namba za makontena kwenye jedwali. Herufi nne, tarakimu saba. Herufi nne, tarakimu saba. Jumatatu ya tarehe 5 walinirudishia saa zangu nane kamili, hawakupunja hata dakika. Ila nilichotaka mimi hakikuwa saa nane.

Basi. Tuje kwenye likizo yenyewe.

Nilipanga kwenda Guilin. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla. Nilipozinduka zilikuwa zimebaki za kusimama, ambazo bei yake ni ileile ya kukaa. Sina la kuongeza.

Nikasema nitalala. Mtu wa Guangzhou anayesema atalala Mei Mosi amesahau kwamba tarehe 1 hadi 5 ndiyo awamu ya tatu ya maonyesho ya biashara ya Canton, na awamu ya tatu ndiyo ya mabegi, viatu, nguo, vyombo vya kuandikia. Yaani nusu ya Kariakoo. Jumatano usiku simu ikalia: mama mmoja, rafiki wa shangazi yangu, anauza mabegi ya shule, keshafika, yuko hotelini Xiaobei. "Mwanangu, shangazi yako kasema utanishika mkono." Ukishaambiwa hivyo huna likizo tena.

Alhamisi tukaenda Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho. Mama alitembea ukumbi baada ya ukumbi kwa ndala, viatu vizuri kavitia mkobani. Alikuwa anavuta zipu. Hasalimii, haulizi bei, anafika kwenye kibanda na kuvuta zipu mara kumi, kumi na mbili, huku kaitega sikio, kisha anaondoka. Kibanda cha tano au cha sita akatulia. Binti aliyekuwepo alikuwa amevua viatu nyuma ya meza, kasimama peku juu ya zulia, naye yuko kazini Mei Mosi kama mimi. Wakakubaliana bei. Mama akataka kukiona kiwanda kwa macho yake, maana kashawahi kulizwa.

Binti akatuambia kitu haraka haraka, mimi nikasikia ninachotaka kusikia. Ijumaa tukachukua Didi, teksi ya kuita kwa simu, mpaka Shiling, kule Huadu, zaidi ya saa nzima. Geti limefungwa. Karatasi nyekundu imebandikwa. Mlinzi anaangalia video kwenye simu, wala hakusimama.

"Kwani kuna msiba?" mama akauliza.

"Hapana mama. Wamefunga Mei Mosi. Mpaka tarehe 6."

"Na mimi ninaondoka lini?"

"Tarehe 5."

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeanzisha likizo. Na kwa kweli binti alikuwa ametuambia. Fangjia, alisema, likizo. Nililisikia neno likapita, hilo nakiri.

Usiku ule ule simu zetu zilikuwa bado zinalia habari ya Singida, Rais Samia kapandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nikamsomea mama tukiwa tunakula. Akasema yeye hana bosi, halafu akauliza kama zipu za kiwanda kingine zinaweza kuwekwa kwenye begi la hiki.

Jumamosi nikampeleka kando ya mto akaone mnara wa Canton ukiwaka taa, mita 600, wenyewe wanauita kiuno chembamba. Hatukuufikia. Polisi walikuwa wameshikana mikono kupitisha watu kwa mafungu. Wachina wana msemo, milima ya watu, bahari ya watu. Mama akasema Kariakoo mkesha wa Idi haifui dafu. Leo wametangaza safari milioni 314 za ndani kwa siku zile tano, na naapa kama robo yake walinikanyaga mimi.

Sasa jambo ambalo sikutaka kuliandika. Asubuhi hii yule jirani yangu wa meza, yule aliyecheka, alinikuta nalalamika jikoni. Anatoka kijijini Hunan. Mwanawe wa miaka sita analelewa na bibi huko. Treni, basi, kisha pikipiki ya kaka yake: kwenda siku nzima, kurudi siku nzima. Akasema kwa siku nne anapata usiku tatu na mtoto. Kwa siku tano, usiku nne. "Usiku wa kwanza ananionea haya," akasema. "Hauhesabiki."

Nilinyamaza. Halafu nikamwambia basi wangekupa hiyo Jumatatu bure, si kukuuzia. Akasema ndiyo, wangefanya hivyo, akanimegea kipande cha nyama ya moshi aliyobeba kutoka kwao, imefungwa kwenye gazeti, pilipili mpaka machozi.

Sikukuu ya mashua za joka ni tarehe 31 Mei hadi 2 Juni. Nimeangalia kalenda mara mbili na kumwomba yeye aangalie ya tatu. Hakuna Jumapili ya kulipa. Shangazi, kama unasoma hapa, simu yangu itakuwa imezima.