Joka la vichwa saba tunalo kwetu
Nimesoma hii habari ya vijana wa Unguja wanaotengeneza katuni ya joka linalotema moto nimefurahi sana wallahi, ila mbona joka lenyewe na ngome yake yote ya Kizungu? Sie tunalo letu. Bibi yangu kule Wete akitutolea hadithi ya yule paa wa Sultani Darai, akifika pale kwenye jumba la nyoka wa vichwa saba basi sote kimya, kwanza unavuma upepo, vumbi linatimka, halafu nyoka anaingiza kichwa paa anakikata kwa upanga, anaingiza cha pili anakata, mpaka cha saba, na paa mwenyewe chini kazimia. Hadithi hii Edward Steere, yule mmisionari wa Kiingereza, aliiandika kwa kuwasikiliza watu wa hapa Zanzibar akaichapisha London 1870, na Kiswahili chake cha zamani kimo humo, kwa hiyo pa kuanzia papo. Moto tieni mkitaka, lakini ule upepo msiutoe jamani, sie watoto tukiogopa upepo kuliko vichwa. Na yule bi kizee wa mle jumbani msimsahau.