Osileta ya kuazima ndani ya R-390A

Kuna wapenda redio hapa Nairobi ambao ukiwaambia umetoa osileta, yaani kipuri kinachozalisha masafa ya kuchagulia stesheni, ya redio ya kupokea aina ya R-390A ukaitia kwenye R-390A nyingine, wanakutazama kama umefukua kaburi. Hoja yao si ya bure. Redio ya Motorola ikibeba osileta ya kiwanda kingine, kumbukumbu ya nani alitengeneza nini inavurugika. Tena yuko fundi mvivu: masafa yanahama, yeye mbio kutafuta spea, kumbe ni valvu iliyochoka tu.

Lakini wanasahau jambo. Redio hii iliundwa miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na moduli zake zilikusudiwa kuingiliana hata zikitoka viwanda tofauti. Karakana za jeshi zilizichanganya bila wasiwasi, kwa hiyo nyingi zinazosifiwa leo kuwa halisi zilishakuwa mseto kabla ya kufika mikononi mwa raia.

La kuuliza ni kama osileta inapima sawa. Inapaswa kusafiri kilohezi 1,000, kutoka megahezi 3.455 hadi 2.455, kwa mizunguko kumi kamili. Washa kalibreta, kifaa cha ndani ya redio kinachotoa mlio wa kupimia kila kilohezi 100, sawazisha kwenye 000 mpaka mlio ufe, kisha zungusha hadi mlio wa mwisho ufe. Osileta iliyozeeka itakupitiliza: kaunta, yaani namba za masafa usoni mwa redio, inasoma, tuseme, kilohezi 4 zaidi. Stesheni za mawimbi mafupi hupangwa kila kilohezi 5, kwa hiyo uko karibu kumsoma jirani. Kweli, ukisawazisha upya kila kilohezi 100, kosa linabaki hezi 400 tu, na wa kusikiliza habari hatajali. Wa kusikiliza alama za Morse atajali.

Dawa ya kawaida ni skrubu ya kurekebisha mwisho. Ikigota, inabidi kufungua osileta na kupunguza mzunguko wa waya kwenye koili yake. Hapo ndipo watetezi wa uhalisia wananishangaza: wanaruhusu kisu kipite ndani ya kipuri cha asili, ila hawaruhusu kipuri hicho kitolewe kizima na kuwekwa kando. Waya uliokatwa hauungi tena ukawa ule ule. Osileta iliyobadilishwa inarudishwa siku yoyote, mradi shafti na kiunganishi chake visilazimishwe, na baada ya hapo usawazishaji ufanywe upya.

Hii ni kwa R-390A na R-390A. Osileta ya Collins 51J-4, redio nyingine ya kupokea, ni ya ukoo mmoja, lakini inatembea kati ya megahezi 3 na 2. Anayekuuzia spea kwenye barabara ya Luthuli akikwambia "zote ni zile zile", rudisha pesa mfukoni.

Na anayeuza redio iliyobadilishwa aandike osileta imetoka kiwanda gani, kisha ile ya zamani aiweke kwenye boksi iende na redio yake.