Bibi hakujaza fomu ili aishi kihambani

Jumamosi iliyopita nilikaa jikoni kwa jirani zangu, huku vilimani magharibi mwa Wales, nikimtazama mama mwenye nyumba akipima viazi. Alikuwa na mizani, kalamu na daftari. Kila ndoo inayotoka shambani inapimwa na kuandikwa: viazi kilo kadhaa, kabichi kilo kadhaa, mayai idadi yake. Nilidhani anauza. Akasema hapana, hivi ni vya kula wenyewe, ila halmashauri inataka taarifa kila mwaka.

Familia hii haina umeme wa gridi wala maji ya bomba. Nyumba wameijenga kwa mbao na udongo, choo chao ni cha maranda, umeme ni wa sola na maji ni ya mvua. Nao wana kibali cha kuishi hivyo. Huku hujengi nyumba katikati ya shamba kwa sababu tu shamba ni lako. Tangu 2010 Serikali ya Wales ina utaratibu uitwao One Planet Development, unaomruhusu mtu kujenga na kuishi kwenye ardhi ya kilimo kwa masharti. Ndani ya miaka 5, angalau asilimia 65 ya chakula cha familia itokane na ardhi hiyo, sehemu kwa kulima na kufuga wenyewe, sehemu kwa kununua kwa fedha ya mazao yake. Umeme wajizalishie, maji wajipatie, taka wamalizane nazo. Mpango wote unaandikwa na kupelekwa halmashauri, na humo humo mwombaji anaeleza atakavyobomoa na kuondoka iwapo atashindwa.

Usiku ule nililala nikimfikiria bibi yangu wa Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro.

Bibi aliishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, cha ekari moja na robo. Juu kabisa ni miti ya miringaringa na miruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na palipobaki upenyo viazi vikuu vilipanda miti. Ng'ombe wawili walifungwa bandani, hawakuchungwa. Walikula majani aliyoyapandisha mama kichwani kutoka shamba la tambarare, na kiangazi walikatiwa mashina ya migomba, ambayo karibu yote ni maji. Samadi ikarudi kwenye migomba. Mtori, machalari, maziwa, mayai, vyote vya hapo. Mahindi na maharage vya shamba la chini. Dukani tulitumwa chumvi, sabuni, viberiti, sukari na mafuta ya taa. Ada za shule zililipwa na kahawa. Ile asilimia 65 bibi aliivuka maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kijiji kimoja cha huko kwetu, Shimbwe Juu, mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikiingiza katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, kwa sababu ya vihamba hivi hivi. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyetuambia kwamba tunaishi kwenye urithi wa dunia. Tuliambiwa tusome sana ili tutoke.

Nikatoka. Huu ni mwaka wangu wa sita Wales, nahudumia wazee majumbani. Ninayosema hapa nayasema nikiwa nimeyaona maisha ya pande zote mbili, na nimechoka na mazungumzo fulani tunayoyarudia sisi tulio nje. Mtu anaona video ya Wazungu waliohamia porini na paneli zao na kuku wao, anaitupia kwenye kundi, na wote tunaitikia kwamba kumbe sisi tulikuwa matajiri, umeme na lami ndivyo vilivyotuharibu. Jamani, mimi sikubali.

Moshi wa mafiga ulimla bibi macho na kifua. Alikohoa kila alfajiri niliyomjua. Mama alibeba majani kutoka tambarare, mlima mtupu, hadi shingo ikawa haigeuki vizuri upande wa kushoto. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa usiku wa mvua, mwanga ukiwa ni koroboi moja, na shangazi aliyekuwa ameishika anasema mkono wake ulitetemeka mpaka mafuta yakamwagika. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua giza lile. Jirani zangu walilichagua, wakiwa na gari mlangoni na hospitali barabarani. Siwalaumu, ni watu wema na nawapenda. Nasema tu kwamba anayefunga bomba kwa hiari yake na ambaye bomba halijawahi kumfikia wanaishi maisha mawili tofauti, hata kama ndoo zao zinafanana.

Umeme wa vijijini ulipofika kwetu, kuunganishiwa kulikuwa shilingi 27,000. Nilizituma siku hiyo hiyo. Bibi hakuomba redio wala runinga. Saa mbili usiku alikaa chini ya taa akachagua maharage, punje moja moja, na akakataa kwenda kulala mpaka ungo ukaisha. Aliyenisimulia ni kaka yangu. Nilikuwa kazini, nikatoka nje nikalia. Kwa hiyo anayetaka bibi wa mtu arudi kwenye koroboi kwa ajili ya mazingira, akae nayo yeye kwanza miaka themanini.

Lakini kuna kitu bibi alikuwa nacho ambacho jirani zangu hawana, na si sola. Desemba huku jua linazama saa kumi jioni na dakika chache. Paneli zinakaa wiki nzima chini ya mawingu, betri zinashuka, wanawasha jenereta na kuzima friji. Hayo wanayamudu. Wasichokimudu ni pale baba mwenye nyumba alipoumia mgongo akipasua kuni. Alilala chini siku nne. Mke alikamua mbuzi, akapasua kuni, akabeba maji, akahudumia watoto, na hakuna mtu aliyepanda kile kilima kuuliza, kwa sababu hakuna aliyejua. Aliponieleza hakuwa analalamika. Alisema ndivyo maisha waliyoyachagua yalivyo. Mimi nilishindwa kumaliza chai.

Maji ya bibi yalikuja kwa mfongo. Kwa msiojua, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaochepusha maji ya mto huko juu msituni na kuyateremsha ukifuata mikunjo ya mlima, kilomita kadhaa, kupita vihamba vya watu wengi. Wageni wa Ulaya waliofika Kilimanjaro karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi. Hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Una zamu, una mzee wake, na ukibomoka kwa mvua za masika pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyekuja msaragambo anatozwa, na asipolipa, maji yanampita. Mwenye kihamba Uchagani hajawahi kuweza kujitenga hata angetaka, kwa sababu maji yake yanapita kwanza kwa jirani. Bibi alipougua, waliojua wa kwanza ni wa upande wa chini, kwa kuwa zamu yao haikufunguliwa.

Si kwamba huku hawajaligundua hilo. Katika jimbo la Pembrokeshire kuna kitongoji cha Tir y Gafel, familia 9 kwenye ekari 76, waliokataliwa kibali zaidi ya mara moja kabla ya kukipata mwaka 2009. Kila familia ina shamba lake, ila umeme wanauzalisha pamoja kwa mtambo mdogo wa maji ya kijito. Niliposikia habari hizo nilisema moyoni, hawa wamepata mfongo.

Sasa niseme linaloniuma. Kihamba hakikuharibiwa na nguzo ya umeme. Tunakiharibu kwa kamba ya kupimia. Mwaka huu kwenye kundi la familia limekuja pendekezo la kukigawa kihamba cha bibi viwanja vinne, viwili vigawiwe wajukuu wa kiume na viwili viuzwe. Nani asiyejua kitakachofuata? Kwenye robo ya ekari na kidogo ukishaweka nyumba ya tofali, choo na geti, ng'ombe hana pa kukaa. Ng'ombe akiondoka, samadi imeondoka. Migomba inakonda, kahawa inabaki juani, na mringaringa unakatwa mbao kwa kuwa kivuli chake kimeangukia kwa jirani. Miaka kumi mnanunua ndizi sokoni mkiwa Uru.

Na mimi ni binti. Kwa mila kihamba kinakwenda kwa wana, na mzaliwa wa mwisho ndiye anayebaki kwenye mji wa baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanaume, lakini kwenye kikao cha ukoo sheria hiyo haikai kiti cha mbele. Nimelipia umeme, mtungi wa gesi, bati za banda la ng'ombe, na dawa za bibi mpaka alipofumba macho. Sidai kipande. Ninachodai ni kisikatwe. Kiandikwe jina la familia, anayekaa pale akae na ale, wengine tuchangie, gesi ipikie ili kuni zipungue, bomba la choo cha ng'ombe liingie kwenye mtambo wa biogesi siku tutakapoweza. Nguzo ibaki na mringaringa ubaki. Sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua kimoja.

Nilimwambia hayo baba mdogo kwa simu, na niliyasema vibaya. Nilipaza sauti kwa mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Alinyamaza, halafu akakata. Tangu Agosti hatujazungumza.

Desemba nitakuwa nyumbani. Kikao cha ukoo kimepangwa siku mbili baada ya Krismasi, na aliyeitwa kupima atakuja na kamba yake. Mimi nitafika mapema. Nitakata jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, kwenye mpaka wa kihamba, pale alipolipanda babu, nilifunge fundo, nishuke kwa baba mdogo asubuhi kabla hajaenda kukata majani ya ng'ombe, nimpe kwa mikono miwili. Mzee wa Kichagga hakatai sale. Mengine tutazungumza akishalipokea.