Kundi la damu na maambukizi ya wodini: lipi lianze kuulizwa?

Wanaodai kundi la damu lina mkono katika maambukizi ya hospitalini hawabahatishi. Antijeni za A na B, yaani alama zinazotofautisha makundi ya damu, ni sukari, na hazikai kwenye chembe nyekundu tu. Zimetanda pia kwenye utando wa utumbo na njia ya hewa, na kwa watu wapatao 8 kati ya 10 hutoka hadi kwenye mate. Norovirusi, ile inayoweza kutapisha wodi nzima, hujishikiza kwenye sukari za jamii hii. Wale ambao mate yao hayana sukari hizo hukwepa aina nyingi za norovirusi. Kipindupindu nacho huwaelemea zaidi wenye kundi O.

Ila ukihamia kwenye kidonda cha upasuaji kinachotunga usaha, hoja inalegea. Mwenye O huwa na upungufu wa takribani robo ya protini moja ya kugandisha damu, iitwayo von Willebrand. Akivuja zaidi, huenda akaongezewa damu, na kuongezewa damu kwenyewe kunahusishwa na maambukizi. Utafiti usiohesabu chupa alizowekewa utalibebesha kundi lawama isiyo yake. Isitoshe, wenye AB ni wachache katika jamii nyingi: wawili wakiugua, asilimia inaruka.

Haya, tuseme uhusiano upo. Muuguzi aufanyie nini? Kundi halibadiliki, lakini mpira wa mkojo, ule unaoingizwa hadi kwenye kibofu, hutolewa. Kila siku unaobaki ndani, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Kosa la kawaida hutokea mgonjwa anapopelekwa eksirei: mfuko wa mkojo unapakatwa mapajani, juu ya kibofu, na mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani na vijidudu vyake. Uning'inie chini ya kibofu bila kugusa sakafu, na umwagwe kabla ya safari.

Mikono nayo haiulizi kundi. Kitakasa cha spiriti kinataka sekunde 20 hadi 30 za kusugua, lakini hakiui mbegu za Clostridioides difficile, bakteria wa kuhara baada ya antibiotiki. Hapo ni glavu, kisha maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60.

Watafiti waendelee kulichunguza kundi, mradi kando yake waandike siku za mpira na idadi ya chupa za damu. Bila safu hizo mbili, mimi jedwali lao silisomi.