Mizuka ya rada: tuifute kwenye picha, au tuizuie kwenye antena?

Rada inayopiga picha za vitu hukumbwa na mizuka, yaani nakala hafifu za kitu zinazoonekana mahali pasipo na kitu. Chukua rada ya gigahezi 30, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 1. Kanuni inataka antena ziachane kwa nusu ya wimbi, yaani milimita 5. Uso wa mita 1 kwa mita 1 utahitaji antena zipatazo 40,000. Gharama yake haibebeki, kwa hiyo wahandisi hupunguza: antena 200 za kutuma na 200 za kupokea nazo huzaa jozi 40,000, na kila jozi huhesabiwa kama antena moja iliyokaa katikati yake.

Hesabu hiyo ni tamu kwa kitu kilicho mbali. Kwa uso wa ukubwa huo, "mbali" huanzia mita 200 hivi, ilhali sisi tunapiga picha ya kitu kilicho mita 1 mbele yetu. Hapo wimbi hufika likiwa limepinda, na jozi haiwezi tena kuhesabiwa hivyo. Ukikokotoa njia halisi ya kila jozi kwa kila nukta, kosa hilo huondoka. Lakini mpangilio ukiwa na mapengo, mizuka hubaki: bamba lenye mwangwi mkali huota nakala hafifu mahali pasipo na kitu.

Tiba inayopendwa ni kupima mshikamano. Katika kila nukta, programu huuliza: je, ishara za jozi zote zinakubaliana kwa awamu, yaani vilele vya mawimbi yake vinaangukia pamoja? Zikikubaliana, nukta inabaki, zikipingana, inafifishwa. Ni rahisi, haidai antena mpya, na picha hutoka safi ajabu.

Safi mno, na hapo ndipo ninaposita. Kwa karibu, bamba laini lililoinama hurudisha mwangwi kwa sehemu tu ya antena. Zilizobaki hazioni kitu, mshikamano unashuka, na bamba halisi linafifishwa sawa na mzuka. Kitu dhaifu kilicho jirani na chuma hupatwa na hayo hayo. Ukipepeta kwa nguvu, punje nyepesi huruka na makapi.

Njia nyingine ni kupanua bendi, yaani upana wa masafa (kasi za mitetemo ya wimbi) ambayo rada hutumia. Mzuka hubadilisha mahali kila masafa yanapobadilika, hivyo ukijumlisha masafa mengi hutawanyika badala ya kurundikana. Bendi ya gigahezi 10 pia hutenganisha vitu kwa kina cha sentimita 1.5. Mzuka hautoweki kabisa, na vifaa ni ghali, ila angalau hakuna kilichofutwa kwa kukisiwa.

Kuna pia mbinu za kubana sampuli, yaani kujenga picha kwa vipimo vichache, zilizovuma tangu 2006. Hizo hudhani kwamba mandhari ina vitu vichache. Kwa skrubu chache ubaoni, sawa. Kwa mwili wa binadamu, sivyo.

Mimi ningeanza na bendi na mpangilio wa antena, kisha mshikamano kwa kiasi, na picha ghafi ibaki kando yake. Na anayesifia algoriti yake kwa tufe moja la chuma, aweke kipande cha plastiki pembeni ya bamba lililoinama, kisha atuonyeshe tena.