Mtengeneza mvinyo wa Dodoma: mavuno mawili kwa mwaka, ajira za kuhesabu

Kila msimu wa zabibu Dodoma mjadala ni ule ule: bei ya kilo, viwanda vilivyojaa, mkulima anayebaki na vishada vinavyomwozea shambani. Anayetajwa kwa nadra ni mtu aliye katikati, yule anayepokea zabibu mlangoni na kuamua zitageuka nini. Nataka kumzungumzia mtengeneza mvinyo, hasa kijana aliyesoma kemia au sayansi ya chakula na sasa anajiuliza kama hii ni kazi ya kuishi nayo. Wapo wanaomsukuma aingie na wapo wanaomzuia, na nimeona hoja zenye uzito pande zote mbili.

Nianze na hoja ambayo kwangu ndiyo kubwa. Kazi hii hujifunzwa kwa mavuno. Mtengeneza mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, anayeanza akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na 60 atakuwa ameona mavuno yapatayo 35, basi. Kule mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anapopogoa, mzunguko mpya unaanza, na baada ya takriban miezi minne zabibu zimeiva. Ndiyo maana tuna mavuno ya kuanzia Machi hivi na mengine Agosti na Septemba. Kijana wetu anaweza kukusanya kwa miaka 18 uzoefu ambao mwenzake wa Ufaransa anautafuta maisha yake yote ya kazi.

Lakini hesabu hiyo ina masharti. Zabibu za Machi hukutwa na mvua. Hunywa maji, sukari hupungua na ukungu hushambulia. Zile za Agosti huiva wakati wa kiangazi na ndizo mafundi wengi wanazozitamani. Tena mavuno humfundisha mtu pale tu anapotenga zabibu za kila shamba katika tangi lake, akaandika vipimo vya sukari na asidi, akarudi kuonja baada ya mwaka. Kiwanda kinachomwaga Makutupora Nyekundu, aina ya zabibu nyekundu ya Dodoma, ya mashamba yote katika tangi moja na kuuza mvinyo ukiwa bado mchanga hakimpi fundi wake nafasi hiyo. Atakuwa ameona mavuno kumi huku akirudia somo moja.

Ugumu wa kiufundi nao ni wa kwetu hasa. Joto hula asidi ya zabibu kabla hazijafika kiwandani, kwa hiyo fundi hulazimika kuiongeza. Mchuzi, yaani juisi ya zabibu zilizokamuliwa, unapochachuka huzalisha joto lake wenyewe. Likipita nyuzi 30 harufu nzuri ya Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe, hupotea, na likizidi sana hamira hufa kabla sukari haijaisha. Kupoza tangi kunahitaji umeme usiokatika katikati ya usiku. Atakayejua kutengeneza mvinyo mweupe safi katika mazingira haya atakuwa ameshika ujuzi ambao vitabu vya Ulaya havikuuandikia sura. Hili ndilo linalonifanya niiamini kazi hii.

Sasa upande wa pili, ambao wazazi wanausema kwa uwazi kuliko walimu. Viwanda ni vichache. DOWICO, kampuni ya umma iliyotegemewa zamani, ilidorora. Ukiitaja CETAWICO ya Hombolo, Alko Vintages na wengine wachache wakubwa, orodha inakaribia kwisha, na kila kimoja kinahitaji fundi mkuu mmoja tu. Wanaobaki huosha matangi na kuvuta mipira ya kupitishia mvinyo, kazi ambayo ni sehemu kubwa ya taaluma hii popote duniani na ambayo ina hatari yake: hewa ya ukaa inayotoka kwenye mchuzi unaochachuka imewahi kuua watu waliochungulia ndani ya tangi. Na kwa familia nyingi, za Kiislamu na za Walokole, kijana kuishi kwa kutengeneza pombe ni jambo zito. Sioni haki kulipuuza. Dhamiri yake ni yake.

Wanaotaka kumtia moyo humtaja Ntsiki Biyela, mtengeneza mvinyo wa Afrika Kusini, na wana sababu. Alitoka kijijini KwaZulu-Natal, akafanya kazi za ndani, akapata ufadhili wa kusomea mvinyo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1999 bila kuwahi kuonja mvinyo, na masomo yenyewe yakawa kwa Kiafrikana. Ila simulizi hiyo hukatwa mapema. Aliajiriwa na kiwanda cha mvinyo cha Stellekaya mwaka 2004, na Aslina, kampuni yake yenye jina la bibi yake, ikawa kazi yake kamili mwaka 2016. Hapo katikati kuna miaka 12 ya kuajiriwa, katika nchi yenye mamia ya viwanda vya mvinyo. Dodoma hatuna ngazi ndefu hivyo.

Wapo wanaojibu: basi ajiajiri. Wasindikaji wadogo wanaongezeka kweli, na wengine huuza mchuzi kwa viwanda vikubwa badala ya zabibu mbichi. Ushuru wa bidhaa nao huupendelea mvinyo unaotokana kwa zaidi ya asilimia 75 na zabibu za ndani. Hata hivyo, anayeanza leo ana viwango vya TBS, stempu za kielektroniki za TRA, chupa, vizibo na matangi ya chuma kisichoshika kutu, yote hayo kabla hajauza chupa ya kwanza. Kumwambia mhitimu asiye na mtaji aruke moja kwa moja huko ni kumwonea.

Msimamo wangu ni kwamba aingie, ila asianzie ofisini wala kwenye kiwanda chake mwenyewe. Msimu wa mavuno wa Stellenbosch huwa kati ya Januari na Aprili, wakati zabibu zetu ziko mvuani, na viwanda vya huko huajiri vibarua wa msimu, ingawa kibali cha kazi ni cha kuhangaikia. Agosti awe Dodoma, kwenye zabibu zetu bora. Miaka mitano ya namna hiyo ni mavuno kumi mazuri. Viwanda vyetu navyo vinaweza kumsaidia bila gharama kubwa: vimwachie tangi moja dogo kila msimu, na zabibu za mkulima mmoja anayefahamika, atengeneze mvinyo wake kuanzia kupokea mzigo hadi kwenye chupa.